Askari wa Sinema na Mguu Wangu

Mchungaji ameniomba niwaambie jinsi nilivyougua na jinsi nilivyopona. Ameniomba pia nisitaje sana usaha, kwa sababu kuna akina mama na watoto humu ndani. Nimemwambia nitajitahidi. Lakini ndugu zangu, ugonjwa wangu ulikuwa usaha. Nikiuondoa sina ushuhuda, nabaki na hadithi tu, na hiyo hadithi isiyo na usaha wengi wenu mmeshaiona. Ililetwa hapa Misikhu kwa gari, mkaipigia makofi.

Jina langu ni Barasa, mtu wa Kabuchai. Kabla ya vita niliendesha plau la maksai katika shamba la mzungu mmoja nje ya Kitale. Maksai kumi na sita, wawili wawili, na mimi natembea kando yao na mjeledi tangu umande mpaka jua linapokuwa kali. Nyayo zangu zilikuwa ngumu hata mwiba ulivunjika ndani yake bila mimi kujua. Jumamosi nilitembea kutoka Kitale mpaka nyumbani, nikifika nakuta watu wanacheza kamabeka, ngoma yetu ya mabega, naingia na mimi. Nasimiyu aliniona hapo kwa mara ya kwanza. Aliniambia baadaye kwamba wengine walikuwa wakicheza kwa mabega tu, mimi nilicheza kwa miguu pia. Tukaoana, tukapata binti mmoja, Nafula.

Vita vilipokuja, chifu aliambiwa atoe vijana. Wengine walikimbilia mlimani. Mimi sikukimbia, na sitawadanganya kwamba nilifungwa kamba. Niliona wale waliotangulia wamevaa viatu, nikatamani viatu.

Walitupeleka Bama, mbele ya Uhindi, kupigana na Wajapani. Huko mvua hainyeshi, inamwagwa. Tulibeba risasi na mabomu mgongoni, tukilala matopeni, ruba wametuganda mpaka sehemu ambazo siwezi kutaja hapa. Asubuhi moja nilitoka njiani hatua mbili tu, nataka kukojoa. Kulikuwa na bomu limefukiwa chini. Sikusikia mlio wowote. Niliona matope yanaruka juu na mimi naruka pamoja nayo. Nilipofumbua macho, kiatu changu kilikuwa kimesimama wima mbele yangu, kamba zake zimefungwa vizuri kama nilivyozifunga alfajiri. Mguu ulikuwa bado ndani yake.

Waliukata vizuri hospitalini, shubiri moja chini ya goti. Nikakaa Uhindi miezi mingi. Walinipa mguu wa mti uliopimwa kwa mtu mrefu kuliko mimi, magongo mawili na koti, wakanipandisha meli, kisha treni.

Nilishuka stesheni ya Bungoma mchana. Mama yangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuja akaishika suruali yangu pajani, akaipapasa kushuka chini, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni mwa mtoto. Mkono wake ulipofika mahali ambapo hapakuwa na kitu, ulisimama. Akauliza, "Wameuzika wapi?"

Kwetu mtu anazikwa kwao, na mimi nilikuwa nimezikwa kipande huko ambako hata jina la mahali silijui.

Nasimiyu hakulia na hakukimbia kunilaki. Alichukua mfuko wangu, akasema, "Nyumbani kuna uji." Tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma, polepole.

Ule mguu wa mti ulinichubua tangu mwezi wa kwanza. Nikaweka kitambaa. Kidonda kikawa kikubwa, nikaweka vitambaa viwili. Halafu mfupa ukaanza kuuma kwa ndani, si juu penye ngozi, ndani kabisa, kama mtu anausaga. Kigutu kikavimba kikawa chekundu, kikapasuka penyewe, na usaha ukatoka. Ulikuwa wa manjano, baadaye wa kijani. Siku nyingine vilitoka na vipande vya mfupa, vidogo kama meno ya mtoto. Homa ilikuwa inakuja jioni na kuondoka asubuhi, nikadhani ni malaria ya Bama. Na vidole vya ule mguu uliobaki Bama vilikuwa vinawasha. Nilikuwa nanyoosha mkono kuvikuna, nakuna blanketi.

Nasimiyu ndiye aliyekisafisha. Kila siku, maji ya moto na chumvi. Hakuziba pua hata mara moja. Wageni walipokuja walikaa karibu na mlango, wakaondoka mapema, wakisema wameacha ng'ombe peke yao.

Kichwa changu nacho kilikuwa kigonjwa. Sufuria ikianguka, nilijikuta chini ya meza, nimemfunika Nafula kwa mwili wangu, na mtoto analia kwa sababu namkandamiza. Nikaanza kunywa busaa tangu asubuhi. Siku moja Nasimiyu aliniambia, "Baba Nafula, leo usiende kwa pombe, tafadhali." Nilimtupia gongo. Lilimpiga kichwani. Sikio lake la kushoto halisikii mpaka leo, ndiyo maana mnamwona hapa kanisani anageuza uso mchungaji anapohubiri. Wajapani hawakumfanyia hivyo. Nilimfanyia mimi.

Mwaka wa pili tangu nirudi, karani wa chifu alikuja mpaka nyumbani. Akasema kuna mzungu wa serikali yuko Kitale, anatengeneza sinema ya askari waliorudi vitani. Ati anataka watu waone jinsi askari aliyeumia anavyorudi katika maisha ya raia. Anatafuta mtu aliyekatwa mguu.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Tangu nirudi hakuna aliyeniuliza lolote, na sasa serikali inataka kuona. Nasimiyu aliazima pasi ya makaa akanyoosha koti langu la jeshi. Nikapanda lori la mahindi mpaka Kitale.

Yule mzungu, ambaye watu wote walimwita Bwana Picha, alikuwa amepanga mashine yake shambani. Alinipa mkono. Kisha akasema, "Funua, mimi taka ona."

Nikafunua. Nzi wakaja kabla sijamaliza kufungua kitambaa.

"Hapana, hapana," akasema, akarudi nyuma. "Hii baya sana. Watu taona hii, taogopa. Na wewe konda sana." Akafikiri kidogo. "Lakini wewe naweza kufundisha yeye."

Huyo "yeye" alikuwa karani wa duka mjini Kitale, jina lake Yohana. Kijana mnene kiasi, meno mazuri, hajawahi kushika bunduki. Walimvalisha nguo za jeshi, wakamkunja mguu wa kushoto kwa nyuma, wakaufunga pajani kwa mkanda, wakafunika na koti refu. Kazi yangu ilikuwa kumfundisha kutembea na magongo.

Nilimfundisha siku tatu. Na kwa kweli alijifunza vizuri. Nilimwonyesha jinsi ya kupita mlangoni, jinsi ya kuketi bila kuanguka, jinsi bega linavyopanda. Lakini kila baada ya muda mfupi alikuwa analia, "Jamani, mguu umekufa ganzi!" Basi kila mtu anaacha kazi. Wanamketisha kwenye kiti, wanafungua mkanda, wawili wanamsugua mguu mpaka damu inarudi, wa tatu anamletea chai. Mimi nimeketi chini kando yao. Nilivitazama vile vidole vyake vitano, anavichezesha kimoja kimoja kuona kama vimeamka. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule kijana, na hakuwa amenikosea chochote.

Sinema yenyewe ilikuwa hivi. Askari anashuka kwenye treni. Mke wake anakimbia na kumkumbatia. Chifu anampa mkono. Daktari anampa mguu mpya, na mara hiyo hiyo anaonekana analima kwa plau, mgongo umenyooka, anacheka.

Nikamwuliza Bwana Picha, "Huyo mama anakimbia kwa nini?"

"Sababu yeye furahi."

"Wangu hakukimbia."

"Bibi yako hapana kuwa katika picha," akasema.

"Na usaha uko wapi? Mbona analima siku hiyo hiyo?"

Akanitazama, si kwa ubaya. "Sinema si hospitali," akasema, akarudi kwa mashine yake.

Siku ya tatu, wakisubiri jua litoke mawinguni, Yohana aliketi karibu nami, mguu wake bado umefungwa. Akasema, "Afande, usikasirike nikikuambia kitu."

"Sema."

"Unanuka."

"Najua."

"Hapana, hujui. Si jasho. Baba yangu alinuka hivi hivi, kutoka mguuni. Sisi wote tulinyamaza kwa heshima. Tulimzika kwa heshima pia."

Niliinua gongo nimpige. Hakusogea. Labda ni ujasiri, labda ni kwa sababu alikuwa amefungwa na hangeweza kukimbia. Mkono wangu ulikaa juu hewani, kisha ukachoka. Nikamwuliza, "Nifanye nini?" Nilikuwa sijamwuliza mtu yeyote swali hilo tangu nirudi.

Jioni hiyo walipomaliza picha ya mwisho, Yohana alimwomba Bwana Picha lori. Wakanipeleka hospitali pale mjini, nikiwa nimelala katikati ya vyombo vya sinema.

Daktari alikuwa Mhindi, mtu mfupi asiye na maneno mengi. Alibonyeza kigutu, akanusa kitambaa, akaingiza chuma chembamba kwenye tundu la kidonda mpaka kikagonga kitu kigumu. Nikasikia mgongano ndani ya mwili wangu mwenyewe.

"Mfupa umekufa," akasema. "Sumu inapanda. Lazima nikate tena, juu ya goti."

"Walishakata."

"Walikata. Sasa nitakata mimi."

Nikakataa. Goti ni kitu kikubwa, ninyi mlio nalo hamjui. Mtu mwenye goti anaweza kupanda, kuketi, kupiga magoti hapa kanisani. Siku tatu nilikataa. Homa ikawa haiondoki tena asubuhi. Nilitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Nilimwona marehemu baba amesimama na maksai mlangoni mwa wodi, na nikamwambia daktari awape maji.

Nasimiyu alipata habari kwa dereva wa lori la mahindi. Akamwacha Nafula kwa mama yangu, akapanda juu ya magunia, akafika Kitale amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Daktari alimweleza. Alikuja kitandani akaketi upande ambao sikio lake zima lingenisikia.

"Nimeambiwa unakataa," akasema.

"Watanimaliza kipande kwa kipande."

"Mimi sikuolewa na goti." Hakuinua sauti. "Lakini sikia, Baba Nafula. Nimeosha hicho kidonda kila siku, miaka miwili. Ulinipiga, nikarudi nikakiosha. Kama unataka kufa, niambie leo, nirudi nyumbani nikapumzike. Kama hutaki kufa, wape huo mguu."

Hakunibembeleza zaidi ya hapo. Nikasema, "Mwambie daktari akate."

Waliniwekea kitu puani, nikahesabu mpaka nne. Nilipoamka nilitapika, nikatapika tena, na paja lilikuwa fupi. Siku kumi za kwanza sizikumbuki vizuri. Nakumbuka sindano za penisilini, asubuhi, mchana, jioni, mpaka makalio yakawa magumu nisiweze kulalia upande wowote. Nakumbuka vidonda vya mgongoni. Nakumbuka kujinyea na kulia kwa aibu, na Nasimiyu akibadilisha shuka. Halafu asubuhi moja niliamka, blanketi ni kavu, nikasikia njaa. Dresa wa wodi, yule anayefunga vidonda, alifungua bandeji, akanusa, akacheka. "Hainuki kitu!" akasema. "Mama, njoo unuse!" Na Nasimiyu akainama akanusa. Hapo ndipo alipolia. Miaka yote ile hakulia, alilia kwa kukosa harufu.

Dresa huyo aliitwa Kiboi, mtu wa huko juu Mlima Elgon. Nilipopata nguvu alinitoa nje kwenye nyasi. Nilifikiri atanifundisha kusimama. Akasema, "Kwanza jifunze kuanguka."

"Kuanguka najua, bwana."

"Hujui. Wewe unaanguka ukiogopa. Haya, tupa magongo, kunja bega, jiachilie. Tena."

Wiki nzima tulianguka. Wagonjwa wengine walikuja kutazama na kucheka, na mimi nikaanza kucheka. Mtu akishajua kuanguka, kutembea hakumtishi. Baadaye seremala mmoja alinichongea mguu wa mti wa mtarakwa, mwepesi, na mimi mwenyewe nikakata ngozi za kuushikilia, maana kazi ya ngozi niliijua tangu siku za maksai. Tulirekebisha mara tano. Mara ya sita haukunichubua. Ndio huu.

Sasa mtaniuliza, si ulipona, kwa nini bado una uchungu? Ngojeni.

Gari la sinema lilikuja Misikhu. Walitumia ghala la mahindi, wakaziba madirisha kwa magunia kwa sababu ilikuwa mchana. Watu walijaa mpaka mlangoni. Nami nikaenda na Nasimiyu. Yohana akaonekana ukutani, mkubwa kama nyumba, anatembea kwa magongo kama nilivyomfundisha, bega linapanda vile vile. Wanawake walilia. Mke alipokimbia, watu walishangilia. Alipoanza kulima, ghala lote lilisimama na kupiga makofi.

Ndugu yangu mkubwa, tumbo moja na mimi, alinigeukia akasema kwa sauti watu wasikie, "Umeona? Huyo amekatwa mguu leo, kesho analima. Wewe miaka yote hii ni kukaa tu na kunuka. Si uvivu huo, bana?"

Watu walicheka. Baadhi yenu mko hapa leo, na sitawataja.

Nikasimama. Nikasema, "Huyo ana miguu miwili. Nilikuwepo walipomfunga kwa mkanda."

Walicheka zaidi. Mmoja akasema ni wivu. Askari wa chifu akaniambia niketi nisiharibu picha ya serikali. Na hapo Nasimiyu akasimama. Hakuwa amewahi kusema mbele ya watu, hata arusini kwake. Akasema, "Yule mama wa sinema anakimbia kwa sababu hana kitu mkononi. Mimi nilikuwa nimebeba mfuko, na baada ya mfuko nikabeba beseni la usaha. Mnaotaka kujua askari anarudi vipi, njooni kwangu mniulize, nitawaambia. Sinema hii haijui."

Tukatoka nje. Hakuna aliyetupigia makofi.

Lakini wiki hiyo hiyo mtu alikuja nyumbani kutoka upande wa pili wa Kitale. Alikuwa ameliona gari la sinema kwao, akasikia habari ya mke aliyesimama Misikhu. Alisalimia, akavua koti. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa, na harufu niliitambua kabla hajafungua. "Huo usaha mliosema," akasema, "na mimi ninao. Sijamwambia mtu. Nilidhani ni mimi peke yangu nimeshindwa kupona kama yule wa kwenye picha." Tulimpeleka Kitale siku iliyofuata. Baada yake wakaja wengine. Mmoja alichelewa, tukamzika. Alikuwa amekaa nyumbani akijilazimisha kulima, akitabasamu.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule na Kiboi, na Yohana pia, ambaye watu wa Kitale mpaka leo wanamwamkia kama shujaa wa vita na anaona haya. Mke wangu nimemwomba msamaha nyumbani, na leo namwomba mbele yenu. Waliotengeneza ile sinema sijawasamehe. Mchungaji anajua, tunalizungumza. Hawakunitukana, walitaka watu wafurahi tu, na kwa ajili ya hiyo furaha kuna watu walioficha vidonda mpaka vikawaua.

Shauri langu ni fupi. Kidonda kisichokauka kipelekwe hospitali, msikipeleke kwa pombe. Mwenye mgonjwa nyumbani anayenuka, amwambie. Na aliyeumia asijipime na mtu wa kwenye picha, kwa sababu hajui kuna nini chini ya koti lake.

Mwezi uliopita alikuja kijana wa kwetu Kabuchai. Mashine ya kusaga mahindi ilimchukua mkono mpaka kiwiko. Aliketi pale ninapokata ngozi za miguu ya mti siku hizi, akaniuliza, "Mzee, itachukua muda gani mpaka nirudi kuwa kama nilivyokuwa?"

Nikamwambia, "Hutarudi. Utakuwa mtu mwingine, na huyo mwingine naye atasikia njaa, atataka kuoa, atataka kujifunga vifungo vya shati. Vua shati tuone. Tuanze na vifungo."